Kompyuta Iliyoamka Mwaka 1980

Laptopu yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu. Umeme ukikatika, ukirudi nikaiwasha, inaamka ikidhani leo ni tarehe 1 Januari 1980. Kwanza kioo cheusi na maandishi meupe: saa haikuwekwa, bonyeza F1 uendelee. Unabonyeza. Inaleta nembo yake, inajizungushazungusha pale, halafu inatupa kioo cha buluu, inajizima yenyewe na kuanza upya. Mara 1980 tena. Nimekaa nayo hivyo mpaka jogoo wa jirani wakawika, mimi nabonyeza F1, yenyewe inanirudisha kwenye mwaka ambao mama yangu alikuwa bado hajaolewa.

Ndani yake kulikuwa na riwaya yangu, sura nane na nusu. Naomba, ndugu msomaji, usiniulize kwa nini sikuwa na nakala nyingine. Fleshi nilikuwa nayo, lakini ilikuwa imejaa nyimbo.

Mashine yenyewe ni mtumba. Niliinunua hapa Singida mjini kwa jamaa anayezifuata Kariakoo, laki mbili na nusu, pesa niliyoipata kwa vibarua vya msimu wa alizeti. Chini yake ina kibandiko chenye namba ya ofisi fulani ya Ulaya, maana yake ilishafanya kazi ya mshahara kabla ya kuja kwangu. Miezi sita ya mwanzo haikunisumbua. Kisha betri yake kubwa ikafa kabisa, ikawa inaishi kwa waya tu, na hapo ndipo safari za 1980 zilipoanza.

Nikaipeleka kwa fundi. Aliiwasha mara moja, hakuitazama mara mbili.

"Dogo, hapa ni kupiga Windows upya. Elfu kumi na tano, jioni unachukua."

"Na vilivyomo ndani, kaka?"

"Vilivyomo vinakwenda. Kwani una nini humo?"

Sikumjibu. Ukimwambia mtu una riwaya, atakuuliza inauzwa wapi. Nikaikunja mashine yangu, nikaiweka kwenye mfuko wa unga, nikarudi nyumbani.

Usiku ule sikulala vizuri. Swali lililonikaa kichwani halikuwa tena lile la kuponya mashine. Lilikuwa dogo na la kijinga: kwa nini 1980? Kwa nini isiwe 1970, au mwaka ilipotengenezwa? Nikaanza kuulizia na kusoma hapa na pale, na nilichokikuta kilinipeleka mbali kuliko nilivyotaka. Nilikuta kwamba mwaka huo wa 1980, ambao laptopu yangu iliuona ndiyo kwao, mashine ya aina yake ilikuwa imepigwa marufuku kuingia Tanzania.

Nianze na hilo la mashine kwanza. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ya mtu mmoja tarehe 12 Agosti 1981. Programu iliyoiendesha ilihesabu tarehe za mafaili kuanzia 1 Januari 1980, na siku yoyote kabla ya hapo kwake haikuwepo. Kompyuta zile za kwanza hazikuwa hata na saa ya kudumu. Kila ukiiwasha, mwenyewe ulipaswa kuiandikia leo ni lini. Mwaka 1984 IBM ikatoa mashine nyingine yenye saa ndani, na betri ya kuilinda saa hiyo hata umeme ukizimwa. Tangu hapo ukawa utaratibu. Katika mashine nyingi za kisasa betri hiyo ni duara kama sarafu, upana milimita 20, volti 3. Ikifa, na umeme mwingine ukikosekana, mashine inasahau kila kitu ilichoambiwa na mabwana zake. Nyingine huangukia mwaka wa kiwanda chao. Nyingine, kama hii yangu, huanguka mpaka mwanzo wa dunia yao, 1980.

Sasa tuje kwetu.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Uhuru ulikuwa na miaka minne, Muungano mmoja. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Kiingereza. Lakini ukiuliza ukoo wake, ICT 1500 ilikuwa RCA 301 ya Wamarekani iliyobandikwa jina la Waingereza. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe hata ile ya kwanza ilikuja na kibandiko cha mtu mwingine.

Tusiifikirie kama hizi zetu. Mashine za aina hiyo zilikaa kwenye chumba chao zenyewe, makabati makubwa, tepu zinazozunguka na kadi za karatasi zilizotobolewa. Kumbukumbu ya ukoo huo wa RCA 301 iliuzwa kwa vipimo vya herufi 10,000, 20,000 au 40,000. Nimehesabu sura ya tatu ya riwaya yangu, ile ndefu ya msiba: ina herufi elfu arobaini na ushee. Yaani mashine kubwa kabisa ya namna hiyo, hata ingeambiwa iache kila kazi nyingine, isingeubeba msiba wangu mmoja.

Na kuiwasha haikuwa kubonyeza kitufe. Hapa ndipo habari yenyewe ilipo, maana mimi nilikuwa nagombana na mashine inayokataa kuamka. Kompyuta ikizimwa haijui lolote, haijui hata kwamba ni kompyuta. Lazima iingiziwe maagizo machache ya mwanzo, yale ndiyo yasome maagizo mengine, na hayo mengine ndiyo yalete programu nzima. Katika laptopu, yale machache ya mwanzo yamechomwa ndani ya kidude kwenye mazabodi: umeme ukifika tu yanaanza kukagua kumbukumbu, kibodi, diski, kimoja kimoja, na kama kuna ubaya mashine inalia mlio wake. Katika mashine za miaka ile ya sitini kazi ya kuamsha ilikuwa juu ya watu. Mtu alikaa mbele ya meza ya vitufe, akapakia kadi au tepu, akafuata utaratibu. Asiyeujua utaratibu alibaki na makabati ya chuma.

Walioujua utaratibu walikuwa nani? Wengi walikuwa wageni. Nisiseme sana, nchi ilikuwa changa. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1965 ungempata wapi Mtanzania aliyesomea mashine zile? Wataalamu waliletwa pamoja na mashine, mikataba ikaandikwa, na maarifa yakakaa vichwani mwa watu wenye tiketi za kurudi kwao.

Mwaka 1968 kampuni ile ya ICT iliunganishwa na nyingine ikawa ICL, na serikali iliendelea na mpango wa kuingiza hesabu zake kwenye kompyuta. Mpango ukaenda mrama. Hesabu zilivurugika, gharama zikapanda, na mwishowe serikali ikarudi kwenye mashine za hesabu za zamani zisizo na akili ya kujiendesha. Mwaka 1974 ikatoka amri: kompyuta na vifaa vyake visiingizwe nchini tena, pamoja na televisheni. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na kompyuta saba. Si saba mia, saba. (Wazanzibari walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini. Amri ilituuma zaidi sisi wa bara.)

Vijana wenzangu ninapowasimulia hili wanaangua kicheko. "Walipiga marufuku kompyuta? Wazee bwana!" Nami nilicheka siku ya kwanza. Lakini hebu rudi mwaka 1974 ukae kidogo. Kati ya Oktoba 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Mvua zilikuwa zimegoma, na nchi ilikuwa inanunua nafaka nje. Watu wa huku kwetu katikati, Singida na Dodoma, ambako mvua ni ya kubahatisha hata mwaka mzuri, hawahitaji kuelezwa maana yake. Fedha ya kigeni ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Azimio la Arusha la 1967 lilishatwambia tujitegemee. Halafu uje na mashine inayonunuliwa kwa fedha ya kigeni, inayohudumiwa na mgeni kwa fedha ya kigeni, na hesabu zenyewe haziji! Ningekuwa mimi waziri, na nimepangishwa foleni na watu wanaotaka unga, labda ningetia sahihi hiyohiyo.

Nina babu yangu mdogo aliyekuwa karani wa ofisi ya mkoa hapa miaka ile. Nilimwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umekuja na mashine ya nini?"

Nikamweleza. Akaitazama laptopu kama anavyotazamwa ng'ombe wa kununua, akaigeuza chini, akasoma kibandiko. Akaniambia kwamba kompyuta ya Wizara wao waliisikia kama mtu anavyosikia habari za bahari. Yeye alifanya kazi kwa daftari na mashine ya kujumlisha, ile ya kuzungusha mpini kwa mkono.

"Ikikwama mlimwita nani, babu?"

"Kumwita nani? Tunaifungua. Tunapuliza vumbi, tunatia tone la mafuta ya cherehani. Ikikataa kabisa ndipo inakwenda Dodoma."

"Na ile ya Wizara ilipokwama?"

Akacheka. "Ile sasa ungeifungulia wapi?"

Jibu la mzee limenikaa. Kwa maoni yangu, na msomaji una haki ya kunipinga, kosa la 1974 halikuwa kuikasirikia mashine. Hasira ilikuwa ya haki. Kosa ni kwamba dawa ilikuwa ileile ya fundi wangu: piga Windows upya, vilivyomo vinakwenda. Kilichovunjika Wizarani kilikuwa watu wa kuiamsha na kuitibu, watu wetu, ambao hawakuwepo. Hicho hakitengenezwi kwa kufunga bandari. Kinazidi kuvunjika. Mtu hawezi kujifunza kufungua kitu ambacho haruhusiwi kuwa nacho.

Hapa mwandishi mwenzangu atanikatiza: mbona fasihi haikufa? Kweli. Mwaka uleule wa 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na miaka iliyofuata ikawa miaka ya riwaya za kusomwa chini ya dawati, kitabu kinazunguka darasa zima mpaka jalada linachanika. Kalamu, taipureta, karatasi ya kaboni, basi. Taipureta haisahau ni mwaka gani kwa sababu haijawahi kujua. Ikikwama herufi, unaichomoa kwa kidole, unajipaka wino, unaendelea. Nami sehemu ya sura ya kwanza niliiandika kwenye daftari la mistari. Kwa hiyo sisemi kwamba bila kompyuta mtu haandiki. Anayetoa kisingizio hicho hakuwa na la kuandika.

Ninachosema kinahusu mafundi. Mtu aliyekuwa na miaka 20 amri ilipotoka mwaka 1974 alikuwa na miaka 40 mwaka 1994. Katika miaka hiyo 20 wenzetu wa nchi nyingine walipita kutoka kwenye makabati mpaka kwenye kompyuta ya mezani, wakazifungua, wakaziunguza, wakajifunza, wakawafundisha wadogo zao. Kwetu mlango haukufungwa kabisa, kusema haki. Kulikuwa na vibali, na katika miaka ya themanini kompyuta ndogo zilikuwa zinaingia kwa migongo ya miradi ya wafadhili. Lakini kompyuta ya mradi haifunguliwi na kijana wa mtaani. Inafunikwa kitambaa cheupe, funguo anazo bosi, na mradi ukiisha inakaa inakula vumbi.

Kufunguka kulikuja polepole. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, tukapata jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 yakaja makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mitumba ikajaa masokoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini amri ya kompyuta haikuwa na nguvu tena. Mwaka 1994 bara tukaanza kuona televisheni zetu wenyewe, za watu binafsi. Muda si mrefu Dar es Salaam ikapata intaneti, yakaja maduka ya kulipia kwa dakika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia inayozungumza Kiswahili. Miaka 30 kamili tangu amri. Wakati huo wataalamu wa lugha walikuwa bado wanagombea jina: wengine ngamizi, wengine tarakilishi. Wananchi walishaamua zamani kusema kompyuta na hawakumsubiri mtu. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kutoka baharini.

Kwa hiyo mafundi tulio nao mitaani leo wengi ni kizazi cha kwanza. Hawakuwa na mwalimu wa kukaa naye benchi moja kama fundi cherehani au fundi baiskeli anavyokaa. Wamejifunza wenyewe, kwa mashine za wateja, na dawa waliyoijua mapema ndiyo waliyoishika. Nilipolielewa hilo hasira yangu kwa yule jamaa wa elfu kumi na tano ilipungua. Haikuisha, ila ilipungua.

Turudi kwenye mashine yangu.

Aliyeanza kuiponya ni fundi saa. Nilikuwa nimepita kwake sokoni na saa ya mama, laptopu nikiwa nayo kwapani kama mgonjwa asiye na hospitali. Mzee ana kile kioo chake jichoni, kameza kadogo, umeme wa kuazima jirani. Akaniuliza hilo zigo vipi. Nikamwambia kila ikizimika inarudi 1980. Hakushangaa hata kidogo.

"Basi saa yake imekufa betri."

"Mzee, hii si saa."

"Inakwambia tarehe?"

"Inaniambia."

"Basi ina saa ndani. Fungua."

Tukafungua, skrubu kumi na moja nilizihesabu na kuzipanga juu ya kopo. Ile sarafu ilikuwa pembeni, imevikwa nailoni ya njano, ina vijiwaya viwili. Akaipima: haikufika hata volti moja, wakati ilitakiwa iwe na 3. Akatoa nyingine kwenye boksi lake la betri, akahamisha vijiwaya kwa kuvibana na utepe, akafunga. Elfu tatu.

Ikawaka. Saa ikakaa. Lakini kioo cha buluu kikaja vilevile! Nilikaribia kulia pale sokoni. Mzee akaniambia kwamba kazi yake imeishia kwenye saa. Huko ndani kwingine nimtafute anayekujua.

Anayekujua nilimkuta steshenari, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, binti mmoja ambaye rika langu haachi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo fundi hakulifanya. Akaniuliza: "Kaka, kabla betri kubwa haijafa ilikuwa inawaka sawasawa?" Nikasema ndiyo. "Basi Windows yako ni nzima. Imesahau tu namna ya kuongea na diski."

Akaeleza huku mikono yake inafanya. Betri ndogo hailindi saa peke yake, inalinda na mipangilio yote aliyoiweka mwenye mashine. Mmojawapo ni lugha ya kusomea diski. Mashine ikisahau, inarudia ile ya kiwandani. Windows ilifundishwa nyingine. Wanakutana mlangoni hawaelewani, ndiyo kioo cha buluu. Akaizima, akaiwasha huku anagonga F2, akaingia kwenye ukurasa wa kijivu nisiowahi kuuona, akashuka mpaka kwenye mstari mmoja. Akaubadili ukasomeka AHCI. Herufi nne. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema ya kwao hapo dukani ilifanya hivyohivyo mwaka juzi, akahangaika nayo wiki tatu.

"Sasa tarehe weka mwenyewe," akaniambia, kwa kuwa wateja wa fotokopi walikuwa wanamsubiri.

Fundi saa alikuwa ameigusa siku na mwezi tu. Mwaka alikuwa ameuacha. Ulibaki palepale, 1980. Kwenye ukurasa ule mwaka hauandikwi, unaupandisha kwa kubonyeza alama ya kujumlisha, mmoja mmoja. 1981. 1982. Nikaanza haraka, kisha nikajikuta napunguza mwendo. 1984. 1985. Binti akanitupia jicho, "Kaka, shikilia tu kitufe zitakimbia zenyewe." Nikamwambia aniache kidogo. 1994. 2004. Mwaka niliozaliwa, nikaupita. Nilipoufikia huu wetu nikabonyeza F10 kuhifadhi, kama alivyonionyesha, mashine ikazima na kuwaka.

Riwaya ilifunguka katikati ya sura ya tisa, pale umeme uliponikatia sentensi. Nikamwomba binti aniuzie fleshi mpya.